Hasira ya Mungu haina wakala

(Maongezi ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa tukiwa watoto, likatutia hofu, kisha tukaliweka kando mpaka siku ya msiba. Jambo hilo ni hasira ya Mungu na hukumu ya mwisho. Mimi si padri wala mchungaji, na sina mamlaka ya kumfundisha mtu dini yake. Lakini maneno haya yanasemwa sokoni, vilabuni na ndani ya mabasi, na mara nyingine yanaua watu. Kwa hiyo si ya kuwaachia wahubiri peke yao.

Nianze na msiba. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mazishi katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, si mbali na mahali ambapo nchi inakatika ghafla na kuteremka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kule kwenye milima ya Lyamba lya Mfipa. Ilikuwa mwezi wa Januari, mvua zimekolea. Marehemu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, baba wa watoto wawili. Alikuwa shambani anapalilia mahindi. Wingu likafunga, mvua ikaanza kwa matone makubwa, naye akakimbilia chini ya mkaratusi. Radi ikaupiga ule mti, na yeye akafa pale pale, jembe likiwa bado begani.

Pale msibani makundi mawili yalikuwa yakinong'ona. Kundi la kwanza lilisema kijana yule alikuwa ameacha kanisa, anakunywa sana, na hakuwa amefunga ndoa na mama watoto wake. Basi Mungu amechoka naye. Kundi la pili lilisema Mungu hahusiki hata kidogo. Radi ile imetumwa, na aliyeituma anajulikana. Walimwonyesha kwa kidevu bibi mmoja jirani, mjane, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba.

Bibi huyo naye alikuja msibani, kama desturi ilivyo, akiwa na unga wa ulezi katika ungo. Aliuweka pale walipokuwa wanawake wapikaji. Hakuna aliyeugusa. Watu walisonga ugali wao, wakala, wakaosha vyombo, na ungo ule ukawa uko pale pale. Jioni bibi aliuinua, akaufunika kwa khanga yake, akaondoka nao. Mimi nilimwona. Nilikuwa nimekaa kiasi cha hatua kumi kutoka pale. Sikusema neno. Baada ya wiki mbili nikasikia amehamia kwa binti yake, mbali, kwa sababu usiku mmoja watu wasiojulikana walilipiga mawe paa la nyumba yake. Yeye alibahatika. Wazee wengi wa umri wake katika mikoa mbalimbali ya nchi hii hawakubahatika hivyo.

Ndugu wasikilizaji, ukiyasikiliza makundi yale mawili utadhani yanapingana. Moja linamtaja Mungu, jingine linataja uchawi. Kumbe yalikuwa yamekubaliana katika jambo kubwa zaidi: kwamba radi ni hukumu, kwamba kifo kile lazima kiwe na mwenye hatia, na kwamba sisi wanadamu tunaweza kumjua siku hiyo hiyo kabla kaburi halijafukiwa. Walitofautiana tu juu ya nani wa kuwekwa kizimbani, maiti au bibi.

Wote mnajua mzaha unaosemwa nchini kote, kwamba usimchokoze mtu wa Sumbawanga, atakutumia radi. Watu wanacheka, na Wafipa wenyewe wanacheka, maana ni watu wa ucheshi. Lakini wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga lenyewe linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Yaani mji ambao jina lake linamwamuru mtu aache uchawi nje kabla hajaingia, ndio umebandikwa sifa ya uchawi. Mzaha huo si mzaha kwa mjane anayeishi peke yake kijijini.

Sasa radi yenyewe ni nini? Uwanda wa Ufipa uko juu sana, sehemu nyingi zikikaribia au kupita mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja kuna Ziwa Tanganyika, upande wa pili Ziwa Rukwa, yote mawili yakiwa chini kabisa katika Bonde la Ufa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa yenye unyevu inapanda, inapoa na kujenga mawingu marefu. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu zinasuguana na kujaza umeme, na umeme huo ukizidi unatafuta njia ya kushuka. Unapenda kitu kilichosimama juu ya vingine. Na sehemu kubwa ya uwanda ule ni nyasi na mashamba, miti imesimama mmoja mmoja. Mkaratusi mrefu katikati ya shamba la mahindi ni sawa na mtu aliyenyoosha mkono darasani akiomba aitwe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Hatujasikia mtu akisema kwamba huko ndiko walikojaa wenye dhambi wote wa dunia.

Na tazameni jambo moja. Kanisa likijengewa mnara mrefu wa kengele, mafundi huweka juu yake fimbo ya chuma iliyounganishwa na waya unaoshuka mpaka ardhini. Ni kizuia radi. Padri anajua, mchungaji anajua, halmashauri ya walei inajua, maana ndiyo iliyochangisha fedha. Kwetu hatumsikii mtu akisema kwamba kwa kuweka waya ule Kanisa linajaribu kumkinga Mungu asiipige nyumba yake mwenyewe. Waya ule ni ungamo la kimyakimya kwamba radi si mkono wa Mungu ulioshika fimbo.

Tarehe 10 Machi 2018, siku ya Jumamosi, katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, radi ililipiga kanisa la Waadventista wa Sabato watu wakiwa wamo ndani wanasali. Watu wapatao 16 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Hawakuwa kilabuni. Hawakuwa wameiba. Walikuwa wameitunza siku yao takatifu, wamevaa nguo zao nzuri. Je, tuseme hao ndio waliokuwa wamemkasirisha Mungu kuliko Wanyarwanda wote? Na kama tunaogopa kusema hivyo juu yao, kwa nini hatukuogopa kusema juu ya kijana wa Ufipa aliyekimbilia chini ya mkaratusi?

Swali hili si geni. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu walimwendea Yesu na habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na yeye mwenyewe akawakumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akawauliza kama wanadhani marehemu hao walikuwa na dhambi kuliko wengine. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia maneno wale waliokuwa wanauliza: ninyi tubuni. Hakuwapa ruhusa ya kuchunguza maiti. Aliwataka wajichunguze walio hai.

Hapa msikilizaji mmoja ataniuliza: je, unataka kusema fundisho la hasira ya Mungu ni uongo, na siku ya mwisho haipo? La hasha. Subiri kidogo.

Ukristo uliingia upande ule wa nchi kupitia ziwani. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Karema, ambalo Wabelgiji walikuwa wamelijenga tangu mwaka 1879. Kutoka Karema walipanda kwenye uwanda wa Ufipa, na kizazi baada ya kizazi Ufipa ikawa moja ya sehemu zenye Wakatoliki wengi katika nchi yetu. Jimbo la Karema mwaka 1969 likawa Jimbo la Sumbawanga. Wamoravian, Wapentekoste na wengine nao wakajenga. Wazee waliosoma katekisimu zamani wanakumbuka mambo manne ya mwisho waliyokaririshwa: kifo, hukumu, mbingu na jehanamu. Wanakumbuka pia Misa ya wafu kwa Kilatini, na ule wimbo wa kutisha uitwao Dies irae, yaani Siku ya Hasira, ulioimbwa jeneza likiwa katikati ya kanisa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, wimbo huo uliondolewa katika Misa ya mazishi ili tumaini la ufufuko lisikike zaidi. Fundisho lenyewe halikuondolewa. Mpaka leo Wakristo wa madhehebu karibu yote wanakiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu.

Lakini mahubiri yale yalikuta watu ambao tayari walikuwa na mahakama yao. Katika miaka ya 1930 ilitokea Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, harakati ya wasafishaji wachawi walioitwa wachape. Ilienea Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kuingia kwetu upande wa kusini magharibi. Neno lenyewe linatoka katika Kinyanja, ambako kuchapa ni kufua nguo. Kwa Kiswahili kuchapa ni jambo jingine, na wengi waliopita mikononi mwao watasema maana zote mbili zilitimia. Mtafiti Audrey Richards, aliyewaona kazini kwa Wabemba na kuandika habari zao mwaka 1935, alieleza jinsi wanakijiji walivyopangwa mstari, nao wachape wakiwatazama mmoja mmoja kwa kioo kidogo. Aliyeonekana ana hatia alitakiwa atoe pembe zake za uchawi, kisha akanyweshwa dawa.

Zaidi ya hayo, ilisemwa kwamba mwanzilishi wa dawa ile, mtu aitwaye Kamwende, atakuja baadaye. Itasikika ngoma usiku nje ya kijiji, na mchawi yeyote aliyejificha atalazimika kuifuata mpaka makaburini, na huko atafichuliwa. Msikilizaji, hebu yapange hayo pamoja: mstari, kioo kisichodanganywa, mwenye kurudi, ngoma badala ya tarumbeta, na makaburi. Ni siku ya mwisho ile ile ya katekisimu, isipokuwa imepunguzwa ukubwa ikaenea kijijini, na imeletwa mbele ili watu wasisubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati bendera ya Uhuru bado mpya, wimbi jingine la namna hiyo lililoitwa Kamchape lilizunguka Ufipa kwenyewe. Roy Willis, aliyekuwa huko akifanya utafiti, ameandika habari zake. Wengi waliojipanga mstari walikuwa wamebatizwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1925, huko Rhodesia ya Kaskazini, mtu kutoka Nyasaland aitwaye Tomo Nyirenda alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, maana Lesa au Leza ni jina la Mungu kwa watu wengi kuanzia kwetu Ufipa mpaka Zambia. Alikuwa anabatiza kwa kuzamisha mtoni, na ubatizo huo aliutumia kuwatambua wachawi. Makumi ya watu walizamishwa mpaka wakafa, huko na ng'ambo ya mpaka katika Katanga. Alinyongwa mwaka 1926. Kabla yake, mwaka 1918 na 1919, wahubiri wa mafundisho ya Watch Tower walikuwa wametangaza katika wilaya ya Abercorn, ambayo leo ni Mbala, hatua chache tu kutoka mpaka wa Ufipa, kwamba mwisho wa dunia umefika mlangoni. Hao hawakuua watu, na serikali ya kikoloni iliwafunga kwa sababu zake. Lakini tarehe zilipita, na jua likaendelea kuchomoza.

Mtu asidhani hayo ni mambo ya babu zetu wasiojua kusoma. Huko Kanungu, magharibi mwa Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu, liliwaambia wafuasi wake kwamba mwaka 1999 ukiisha dunia inaisha. Haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, watoto wakiwemo, waliteketea ndani ya jengo lao la ibada lililokuwa limefungwa, na baadaye maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika nyumba za viongozi wao. Hesabu ya wote ilipita 700. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Walikuwa watu wa kanisa la mhubiri Paul Mackenzie, na wachunguzi walisema watu hao waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mackenzie aliyakana mashtaka. Lakini makaburi yale hayakanushiki.

Sasa, mchape mwenye kioo, Mwana Lesa mtoni, Kanungu, Shakahola na mtu anayerusha jiwe usiku juu ya paa la mjane, wanafanana katika nini? Hawafanani katika elimu, wala dhehebu, wala nchi. Wanafanana katika jambo moja: wote walikataa kusubiri. Kila mmoja aliichukua siku ambayo Wakristo wanafundishwa kwamba ni ya Mungu, akaipangia tarehe yake, akaketi kitini, akaanza kusoma hukumu. Injili ya Mathayo, sura ya 24, inasema siku na saa ile haijulikani na mtu, hata malaika hawaijui. Na katika sura ya 13 ya Injili hiyo hiyo watumwa wanataka kuingia shambani wang'oe magugu, na mwenye shamba anawakataza, kwa hofu kwamba wataing'oa na ngano. Mkulima yeyote wa ulezi anamwelewa mwenye shamba huyo. Ulezi ukiwa mchanga, majani yake na ya magugu yanafanana mno, na mtoto aliyetumwa kupalilia bila kuangaliwa anaweza kurudi nyumbani na furaha, kumbe ameacha magugu matupu.

Kwa hiyo anayeamini kweli kwamba iko hukumu ya mwisho hana haraka. Ameambiwa kesi ina hakimu, hakimu anajua kila kitu, hapokei rushwa, na hakuna faili litakalopotea. Mwenye haraka ni yule asiyeamini. Anayempiga mawe mjane kwa jina la Mungu anatangaza kwa vitendo kwamba Mungu hatakuja, na kwamba kazi isipofanywa na vijana wa kijiji usiku huu haitafanywa kabisa.

Hayo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba wako wanaosema siku hizi tuache habari za hasira, tuhubiri upendo tu, kwa sababu hasira inawatisha watu. Nami siafiki. Nenda kamwambie mama ambaye mzazi wake aliuawa kwa tuhuma za uchawi, na waliomuua anapishana nao sokoni kila Jumatano, kwamba Mungu hakasiriki kamwe. Atakuuliza: hata kwa hili? Mungu ambaye hakasiriki mnyonge akionewa, huyo hampendi mnyonge. Kwa aliyenyimwa haki, habari ya siku ya hukumu ni tumaini lake la mwisho kwamba kuna mahakama ambayo wenye nguvu hawakuifikia.

Na ukitaka kujua hasira hiyo imewaelekea akina nani, wasome manabii. Wasomaji wengi wa safu hii ni watu wa mjini, wafanyakazi na wafanyabiashara, na nadhani tutashangaa pamoja. Nabii Amosi, sura ya 8, anatoa onyo kali sana, na wanaoonywa ni wafanyabiashara wa nafaka. Wanaona sikukuu inachelewa kwisha ili wafungue biashara, wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanachezea mizani, na wanawauzia maskini makapi ya ngano. Bibi wa radi hamwoni katika sura hiyo. Sasa njoo Rukwa wakati wa mavuno, tazama mkulima anavyouza mahindi kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu, au kwa debe lililotanuliwa ili limeze zaidi ya debe. Sheria ya vipimo inakataza, na wote tunaona. Mahindi hayo ndiyo yanakuja Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko, na sisi ndio tunaoyala. Tukisikia ngurumo tunamtafuta mjane. Tukisikia mlio wa lori lenye lumbesa hatushtuki.

Halafu iko ile sura ya 25 ya Mathayo, ambayo wengi huisikia kanisani karibu na sikukuu ya Kristo Mfalme. Hapo ndipo panapoelezwa maswali yatakayoulizwa siku hiyo. Hayamo maswali ya kinabii wala ya tarehe. Ni maswali ya jikoni na ya njiani: nani alimlisha mwenye njaa, nani alimnywesha mwenye kiu, nani alimkaribisha mgeni, nani alimvika aliye uchi, nani alimtazama mgonjwa na mfungwa. Na waliohukumiwa pale hawakushtakiwa kwa kumpiga mtu. Walishtakiwa kwa kutofanya kitu.

Ufipa na mwambao wa Tanganyika wana mtu wao wa kuwafundisha sura hiyo, tena bila mahubiri. Adrian Atiman alizaliwa mbali, upande wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alitekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 aliletwa Karema, akiwa mganga na katekista, na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 60 ya kufunga vidonda, kutoa dawa, kupasua majipu na kukesha na wagonjwa. Mtu huyu alikuwa na sababu zote za kuomba moto ushuke juu ya walioiba utoto wake. Alichukua bandeji. Hospitali iliyopo mjini Sumbawanga yenye jina lake inawakumbusha watu kwamba aliyetendewa mabaya anaweza kuikabidhi kesi yake kwa Mungu na kuendelea na kazi.

Basi, ndugu wasikilizaji, tufanye nini? Mvua zitarudi Novemba, na radi zitarudi nazo. Tuwafundishe watoto wasijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, watupe jembe na chuma walichoshika, waingie ndani ya nyumba imara au gari. Shule zetu, hasa zilizoko uwandani, ziwekwe vizuia radi kama tulivyoweka makanisani. Waliopigwa na kuzimia wapewe huduma ya kwanza na kupelekwa hospitali upesi, kwa maana wengi hupona, na kumgusa aliyepigwa hakuna madhara. Na msiba ukitokea, katekista, mchungaji, shehe na balozi wa nyumba kumi wakae karibu na kile kikundi kinachonong'ona. Si karibu na jeneza tu.

Kuhusu mimi mwenyewe, niliwaambia nilikuwa hatua kumi kutoka kwenye ule ungo. Nimefikiri mara nyingi juu ya jioni ile. Kama hukumu itakuwa kama Mathayo alivyoandika, sidhani nitaulizwa kama nilijua radi imetoka wapi. Naogopa nitaulizwa juu ya unga wa ulezi: kwa nini nisiinuke, nikauchukua mikononi mwa bibi yule, nikamwambia mbele ya watu wote, "Ahsante, mama, pole na wewe kwa msiba." Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko ngurumo moja. Pengine yangetosha kuziacha bati za nyumba yake salama, na yeye akafia nyumbani kwake kwa uzee.

Wahenga walisema hasira hasara. Walikuwa wanazungumza juu ya hasira yetu sisi. Ile ya Mungu ina siku yake, na hajamwajiri mtu yeyote awe wakala wake.

Kwa leo naishia hapa. Kwaherini.